nextBoolean() ya Java: kurusha shilingi ndani ya programu

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo tunachambua kitu kidogo ambacho kila anayeandika Java atakutana nacho: unataka programu iamue yenyewe, kweli (true) au si kweli (false), kama vile unarusha shilingi hewani.

Chaguo langu ni Random, darasa la Java la kuzalisha namba za bahati nasibu. Unaliumba mara moja, kisha unaita nextBoolean(). Basi. Ipo tangu Java 1.2 ya mwaka 1998, na inachukua biti moja tu, yaani 0 au 1 moja. Wengine mmezoea Math.random() < 0.5. Jibu mtapata, lakini ndani yake inaundwa desimali ya biti 53 ili mtumie moja. Ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mshikaki mmoja.

Sasa sogeeni karibu na skrini. Niliwahi kutengeneza zoezi la wanafunzi, nikatumia namba ya kila mmoja kama mbegu, yaani namba ambayo Random inaanzia: new Random(namba).nextBoolean(). Wote wakapata true. Wote! Nilikesha natafuta kosa. Tazameni, naanza na mbegu 0, naumba Random mpya kwa kila mbegu: true, true, true... Tumefika 1000, bado. Tumefika 4095, bado true. Haya, 4096: false! Ndiyo ya kwanza.

Java haijaharibika. Random ina hali ya biti 48, yaani namba ya ndani inayobadilika kila ukiiita. Kila hatua inaizidisha kwa 25214903917, inajumlisha 11, inabakiza biti 48, na nextBoolean() inasoma biti ya juu kabisa. Mbegu ndogo zilizo jirani, zikizidishwa mara moja tu, hazijaachana vya kutosha kuigeuza biti hiyo. Kwa hiyo umbeni Random moja, muite hiyohiyo tena na tena. Hii hapa nimeiita mara elfu, true na false zinakaribiana kabisa.

Mbegu ninaipenda kwenye majaribio. new Random(42) itatoa mfuatano uleule leo na kesho, kwangu na kwako, kwa hiyo kosa likitokea unalirudia hadi ulikamate.

Programu yenye nyuzi nyingi (threads, kazi zinazoendeshwa kwa pamoja)? ThreadLocalRandom.current().nextBoolean(), ipo tangu Java 7. Nyuzi zikigombania Random moja, zinacheleweshana.

Lakini droo ya pesa, neno la siri, chochote ambacho mtu atafaidika akikibashiri, nawaomba sana: SecureRandom, darasa la Java la namba zisizobashirika. Matokeo mawili tu yanayofuatana ya nextInt(), inayotoa namba kamili, yanamtosha mjuzi kukokotoa yote yajayo ya Random. SecureRandom ni polepole zaidi, lakini hapo kasi si hoja.

Na kwa mnaotaka true itoke asilimia 30 tu, achaneni na nextBoolean(), chukueni desimali kati ya 0 na 1, andikeni nextDouble() < 0.3. Msimbo wote upo chini ya video. Endesheni ile ya mbegu kwenye mashine zenu, mwone kama hamtakutana na 4096.