Birthday ukiwa Muscat: ngome ya Nizwa au ya Bahla?

Sisi Waswahili tunaoishi Muscat hatuishi kubishana: mtu akitimiza mwaka, familia iende ngome ya Nizwa au ya Bahla, zote hapa Oman?

Ukitoka Muscat, Bahla iko mbele zaidi ya Nizwa, kwa hiyo ongeza kama nusu saa barabarani na petroli yake. Chakula je? Hapo Nizwa haina mpinzani. Soko liko pembeni mwa ngome, halua na kahawa unapata papo hapo, na Ijumaa asubuhi kuna mnada wa mbuzi: wauzaji wanawazungusha kwa kamba, wanunuzi wanawapapasa mbavu. Watoto hawataki kuondoka.

Lakini linalonigusa mimi ni historia. Mnara wa duara wa Nizwa ulijengwa na Imamu Sultan bin Saif, mtawala wa Oman aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Enzi za mwanawe, Saif, Waomani waliiteka Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698. Mama alipotimiza miaka 60 tulimpandisha juu pale taratibu, tukampigia simu ya video dada yake aliyeko Mombasa. Walilia wote wawili.

Bahla, urithi wa dunia tangu 1987, ina kuta za udongo na utulivu mwingi. Vyumba vingi ni vitupu. Mtoto atachoka mapema. Anayetaka kutembea na mwenzi wake bila msongamano, huko ndiko kwake. Mwenye wazee na watoto garini, Nizwa itamfaa zaidi.