black-ish: tamthilia niliyoitazama na wanangu hadi mwisho

Kama wewe ni mzazi uliyetoka kwetu na unalea watoto Marekani, itazame black-ish, na uitazame pamoja nao. Ni vichekesho vya nusu saa, lakini sebuleni kwetu sehemu moja ilitosha kutuweka kwenye mazungumzo mpaka chakula kikapoa.

Kituo cha televisheni cha Marekani, ABC, kiliirusha kuanzia 2014 hadi 2022, misimu minane. Mtunzi wake, Kenya Barris, alichota mengi katika maisha ya nyumbani kwake. Baba wa familia ni Andre Johnson, wanamwita Dre (Anthony Anderson), aliyekulia kwenye dhiki na sasa ana cheo katika kampuni ya matangazo huko Los Angeles. Mkewe Rainbow, au Bow (Tracee Ellis Ross), ni daktari wa usingizi. Watoto ni Zoey, Junior, na mapacha Jack na Diane. Kitinda mimba Devante anazaliwa baadaye. Kinachomnyima Dre raha ni hofu kwamba maisha mazuri aliyowatafutia wanawe yatawasahaulisha kuwa wao ni Weusi. Sehemu ya kwanza kabisa, Junior anataka afanyiwe bar mitzvah, sherehe ya kijana kuingia utu uzima, kama rafiki zake Wayahudi, na Dre anakurupuka kumfanyia jando la Kiafrika la kubuni. Nilicheka sana, halafu nikamwonea huruma. Mimi kijiji cha babu yangu nakijua kwa jina. Dre wa kumuuliza hana, wazee wake walinyang'anywa hayo yote.

Lakini kuna mambo anayoyajua yeye ambayo mimi nilikuja nchi hii bila kuyajua. Sehemu iitwayo "Hope", ya mwaka 2016, karibu yote inapita sebuleni. Familia inasubiri kwenye televisheni kusikia kama polisi aliyemdhuru kijana Mweusi atashtakiwa. Mapacha wanauliza watu wamekasirikia nini, na wazazi wanatofautiana mbele yao: Bow anataka waachwe na utoto wao kidogo, Dre anataka waambiwe ukweli. Kisha Dre anakumbusha ile siku ya Januari 2009 Obama alipoapishwa kuwa rais, yeye na mkewe waliposhuka kwenye gari na kutembea barabarani, na jinsi furaha yake ilivyogeuka woga kwamba mtu angewadhuru. Mwanangu mkubwa ana umri wa kuendesha gari. Tulipomaliza kutazama tulizungumza kwa mara ya kwanza nini cha kufanya polisi akikusimamisha: mikono iwe wapi, useme nini, usitie mkono mfukoni. Nilikuwa nimeyaahirisha mazungumzo hayo muda mrefu kwa kukosa pa kuanzia.

Sehemu ya fimbo nayo itawagusa wengi wetu. Jack anatukutika, Dre anamwahidi kichapo, na Pops, baba yake Dre (Laurence Fishburne), anaona hakuna cha kujadili. Ikifika saa yenyewe, mkono wa Dre haunyanyuki. Nyumbani kwetu watoto walinigeukia wote kwa pamoja kuona nitasema nini.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya msimu wa nne, Bow anapopata sonona baada ya kumzaa Devante. Mama mkwe, Bibi Ruby (Jenifer Lewis), anaona ni kujiendekeza tu, tena anampa mtoto maziwa ya kopo bila ridhaa ya mama yake. Hapo Dre anasimama na mkewe dhidi ya mama yake mzazi, jambo ambalo wanaume wetu wachache wanalithubutu. Dada zangu, itazameni hiyo na waume zenu. Msimu huohuo unafunguliwa na sehemu ya Juneteenth, yenye nyimbo na katuni, inayoeleza habari ya watumwa wa Texas waliotangaziwa uhuru Juni 19, 1865. Wanangu waliielewa historia hiyo haraka.

Kasoro zipo. Vikao vya ofisini kwa Dre vinajirudia mno, na misimu miwili ya mwisho imelegea. Dre anasimulia kwa Kiingereza cha kasi, na kwenye Hulu, huduma ya mtandaoni ninakotazamia, hakuna maandishi ya Kiswahili, hivyo mama yangu alipokuja kututembelea ilibidi nimtafsirie kila mara. Utani wa mambo ya kitandani upo, si mchafu sana, ila ukikaa na wakwe utatafuta rimoti.

Wenye watoto wadogo waanze msimu wa kwanza kwa mpangilio wake. "Hope" itazame kwanza peke yako, uwaite watoto ukiwa tayari kwa maswali yao.