Kupandikiza Jino au Kuweka Daraja?

Mkazi wa Dar es Salaam aliyeng'olewa gego moja huwa na njia mbili kuu za kuliziba pengo kwa jino bandia lisilovuliwa. Jino la kupandikizwa hushikiliwa na skrubu ya titani, ambayo huachwa ishikamane na mfupa wa taya kwa takribani miezi 3 hadi 6, bila kuyagusa meno jirani; lakini kwa mvutaji wa sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa, ufizi unaoizunguka unaweza kuvimba na mfupa ukaliwa polepole hadi skrubu ikalegea, mara nyingi bila maumivu ya mapema. Daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno ya pande mbili za pengo, hukamilika ndani ya wiki chache, ila meno mawili ya jirani husagwa ili kulibeba, hasara ambayo, kwa maoni yangu, hupuuzwa mno. Iwapo meno hayo tayari yamezibwa kwa viraka vikubwa, ningechagua daraja. Na anayetoka Mbagala hadi Upanga kwa kila miadi ahesabu nauli pia.