Websaiti ya maswali ya maandishi ya Bunge la Uingereza: naipa nyota 4

Kama masikio yako yamezoea "Serikali inaendelea kutafuta fedha" za Dodoma, ingia humu ukiwa huna kazi nyingine maana kutoka ni shida. Ni bure, hakuna kufungua akaunti, unaandika tu neno unalotaka, tuseme viza au Tanzania, inakushushia maswali yote ya wabunge na malodi (wajumbe wa baraza la juu la Bunge lao), nani kauliza, tarehe gani, wizara ipi inadaiwa jibu, na kama hawajajibu inaonekana wazi kwamba hawajajibu. Kila swali lina namba yake, ivo mtu akikubishia kwenye grupu unamrushia namba akasome mwenyewe.

Swali la kawaida la mbunge wizara inategemewa ijibu ndani ya kama wiki moja. Kuna na lile mbunge anapanga mwenyewe siku ya kujibiwa, hayo kwa siku haruhusiwi kuzidisha matano.

Mimi nachopenda zaidi ni uulizaji wao. Kwetu ni "je, ni lini Serikali itajenga barabara ya lami kutoka wapi mpaka wapi", na jibu unalo kabla naibu waziri hajasimama, upembuzi yakinifu unaendelea, kadiri fedha zitakapopatikana, kaa chini. Huku wale wajanja hawaulizi lini, wanaulizia idadi. Maombi mangapi ya viza yalikuwa yamekaa zaidi ya miezi 6 kufikia tarehe fulani, alafu baada ya muda mbunge anarudi na swali lilelile kabadilisha tarehe tu. Waziri hapo atajieleza weeee lakini namba ama imepanda ama imeshuka.

Sasa kero. Kanuni za Serikali yao zinairuhusu wizara igome kujibu kama kulitafuta hilo jibu kutagharimu zaidi ya pauni 850. Pauni 850 jamani, wizara ya mabilioni! Na Bunge likikaribia kufungwa unakutana na majibu ya kopi-pesti eti muda haukutosha. Ila hata jibu la kukwepa linabaki pale na jina la waziri juu yake, na hilo sio dogo. Mbunge Tam Dalyell aliwaganda mawaziri na maswali kuhusu General Belgrano, meli ya kivita ya Argentina iliyozamishwa na Waingereza Mei 1982 wakafa watu 323, anapigwa chenga anarudi tena, mpaka 1984 afisa wa Wizara ya Ulinzi, Clive Ponting, aliyekuwa anajua majibu yanavyopikwa, akamtumia nyaraka kimyakimya. Wakamshtaki Ponting, 1985 jopo la raia wa kawaida mahakamani (jury) likamwachia huru.

Na msidhani wote wanaouliza ni wasafi, 1994 ililipuka kashfa ya wabunge kulipwa ili waulize maswali, na aliyekuwa mwenye Harrods, duka la kifahari la London, alikuwemo humo kama mlipaji. Siku hizi mbunge mwenye maslahi kwenye jambo anatakiwa aseme na kwenye swali inaonyeshwa, ivo kabla hujashangilia swali angalia hapo kwanza.

Kingereza chao ni cha kiofisi mno, swali moja sentensi ndefu unasoma mara mbili. Ukitaka kupata taarifa kwa imeili kila mbunge wako akiuliza kitu, tumia websaiti nyingine inaitwa TheyWorkForYou, nayo bure. Nyota niliyokata ni ya zile pauni 850.