Nimejifungia chuma cha kuvutia trela kwenye SUV ndogo: uzoefu wangu

Kifaa ninachokizungumzia ni kile cha kufunga kwa bolti tu, bila kuchomelea wala kutoboa fremu. Ni bomba la mraba linalopita chini ya bampa ya nyuma, mabawa mawili ya kukaa kwenye reli za fremu, na mdomo wa inchi 2 katikati, yaani tundu la mraba la kuchomekea kinachovuta au kubeba mzigo. Uzito wake ni kilo 17 hivi. Ndani ya boksi kuna bolti 6 za M12 (kipenyo cha milimita 12), washa zake za koni, vibati viwili vyenye tundu la mraba, na waya mbili za kuvutia bolti ndani ya fremu. Nianze na hukumu: chuma chenyewe ni kizuri, kimechomelewa pande zote bila kurukwa, na rangi yake ni nzito. Kijitabu cha maelekezo ni dhaifu. Seti ya nyaya za taa inayouzwa kando yake, ile ya bei rahisi, usiiguse.

Kabla ya kuangalia chuma chochote, fungua kitabu cha gari utafute uzito linaloruhusiwa kuvuta. Kibandiko kwenye chuma changu kinasema kilo 1,588, na wapo wanaosoma namba hiyo wakadhani gari lao sasa linavuta kilo 1,588. Halivuti. SUV ndogo nyingi zimeruhusiwa kilo 680 tu, nyingine hufika 1,500 na zaidi, na mara nyingi ni kwa sharti kwamba trela iwe na breki zake. Namba inayotawala ni ile ndogo kuliko zote: ya gari, ya chuma, ya mkono wa tufe (chuma kinachochomekwa mdomoni), ya tufe lenyewe (mpira wa chuma unaokaliwa na shingo ya trela) au ya trela. Kama kitabu kinasema gari hili halivuti, basi chuma hiki kitakufaa kwa kubebea baiskeli, na hata hapo soma kwanza uzito unaoruhusiwa kukaa kwenye mdomo.

Kuhusu ukubwa wa mdomo, upo wa inchi 1¼ na wa inchi 2. Mimi nachagua wa inchi 2 kila ninapopata unaoingia kwenye gari husika, si kwa sababu nitavuta zaidi, bali vibebeo vingi vya baiskeli na mizigo vimetengenezwa kwa saizi hiyo. Kipande cha kubadilisha inchi 1¼ kuwa inchi 2 kinausogeza mzigo nyuma zaidi, na kila sentimita inayoongezeka inaongeza nguvu ya kukunja kwenye bolti. Uwezo unashuka.

Vifaa vya kazi: jeki na stendi mbili imara (usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake), vizuizi vya matairi ya mbele, soketi za milimita 10 hadi 19, spana ya kupimia nguvu ya kukaza inayofika angalau Nm (nyutonimita) 150, brashi ya waya, brashi nyembamba ya mrija, oili ya kupenya kutu, tapu ya kusafishia nyuzi (mikato ya mzunguko ndani ya nati), kifaa cha plastiki cha kung'olea klipu, na mtu wa pili wa dakika kumi tu.

Kwanza toa kinachozuia. Kwenye magari mengi ni sahani ya plastiki ya chini ya bampa, bati la kuzuia joto, na wakati mwingine ndoano ya kufungia gari linaposafirishwa, ambayo hairudi tena. Klipu za plastiki zina moyo wa katikati: nyanyua moyo kwanza, ndipo uvute klipu nzima. Ukizing'oa kwa bisibisi nusu yake zitavunjika, kwa hiyo nunua chache za akiba mapema.

Ekzosi inabidi ishuke kidogo ili bawa moja lipite. Vua raba za nyuma zinazoning'iniza sailensa, mbili au tatu. Zilainishe kwa maji ya sabuni, si kwa grisi wala oili ya injini, kwa sababu mafuta hufanya raba ivimbe na baadaye ikatike. La muhimu zaidi, ifungie ekzosi mkanda au iwekee stendi chini. Ukiiacha ining'inie, uzito wote unahamia kwenye flexi ya mbele (kipande cha bomba la ekzosi kinachopindika), na flexi ikipasuka hasara yake inazidi bei ya chuma ulichokuwa unafunga.

Sasa tufike kwenye sehemu inayoamua kazi nzima. Ndani ya reli za fremu kiwanda kimechomelea nati, na hizo ndizo zinazopokea bolti zako. Kwenye gari jipya bolti huingia kwa vidole. Kwenye gari lililokaa miaka kadhaa barabarani, nati hizo zimejaa tope, kutu na masalia ya rangi, na hapa ndipo watu wanapoharibu magari yao. Wanaingiza bolti mizunguko miwili, inakuwa ngumu, wanachukua mashine ya kukazia ya betri na kuilazimisha. Kinachofuata ni moja kati ya mawili: nyuzi zinaliwa, au nati inachomoka kwenye ulehemu wake na kuanza kuzunguka na bolti ndani ya fremu. Ikishazunguka, hakuna mkono unaoifikia. Inabidi ukate dirisha kwenye reli, uishike, kisha uchomelee upya, na kazi hiyo si ya uani tena.

Kwa hiyo nyunyiza oili ya kupenya, iache ifanye kazi, piga brashi ya mrija mpaka itoke safi, kisha pitisha tapu ya saizi na nyuzi zilezile za bolti zako. Angalia hatua ya nyuzi pia, yaani milimita kati ya uzi mmoja na unaofuata: M12 yenye hatua ya 1.25 na M12 ya 1.75 zinafanana machoni, lakini moja inaua nati ya mwenzake. Zungusha tapu nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili uchafu ukatike na kudondoka. Ukimaliza, futa oili iliyobaki. Hatua hii wengi wanairuka. Namba ya kukaza iliyoandikwa kwenye kijitabu kwa kawaida ni ya nyuzi kavu. Nyuzi zikiwa na mafuta, nguvu ileile mkononi inaivuta bolti zaidi ya inavyotakiwa.

Sehemu ambazo hazina nati ya kiwanda ndizo zinazotumia waya wa kuvutia, na kijitabu changu kimeeleza jambo hili kwa mchoro mmoja mdogo usioonyesha ncha ipi ianze. Iko hivi. Waya una ncha iliyonyooka na ncha iliyosokotwa kama springi. Ingiza springi kwanza kwenye tundu ambalo bolti itatokea, isukume ndani ya reli mpaka itokeze kwenye tundu kubwa la pembeni au la mwisho wa reli, na ncha iliyonyooka ibaki nje ya tundu la bolti. Ikishatokeza, pitisha kibati kwenye waya, kisha zungushia springi kwenye nyuzi za bolti. Sukuma kibati na bolti ndani ya tundu kubwa, halafu vuta ncha iliyonyooka polepole. Kibati kinatangulia, bolti inafuata na kuchomoza. Shingo ya mraba ya bolti lazima ikae kwenye tundu la mraba la kibati, la sivyo utakapokaza itazunguka tu. Usiuvue waya mpaka chuma kiwe juu na ncha za bolti zimepita kwenye matundu ya chuma, maana bolti ikisukumwa ndani bila waya utaitafuta kwa sumaku ya fimbo.

Kabla ya kupandisha, kwangua rangi laini ya kuzuia kutu na nta pale tu ambapo chuma kitagusa fremu. Tabaka hilo likibaki katikati, linabanwa na kusambaa kidogo kidogo, na bolti uliyokaza vizuri leo inakuwa imelegea bila kuzunguka hata kidogo. Pakiwa peupe, paka rangi nyembamba ya kuzuia kutu na uiache ikauke.

Kupandisha ndiko kunakohitaji mtu wa pili, au jeki yenye ubao juu yake chini ya mdomo. Ingiza bolti zote kwa vidole, mizunguko mitano au zaidi kila moja, kabla ya kugusa spana. Upande wa washa ya koni wenye meno unaelekea kwenye chuma. Pima umbali wa mdomo kutoka kingo zote mbili za bampa, sogeza mpaka uwe katikati, ndipo ukaze kwa awamu tatu ukipishanisha kushoto na kulia. Seti yangu inataka Nm 117. Fuata namba ya kijitabu chako. Baada ya kilomita 80 hivi za kuvuta, kaza tena kwa spana ileile ya kupimia.

Kama sahani ya chini inabidi ikatwe ili mdomo upite, bandika utepe wa karatasi, chora, ukate kidogo kuliko ulichochora. Msumeno wa mkono wenye meno madogo unatosha. Grainda inayeyusha plastiki na kuacha ukingo wa ovyo.

Chuma kimeisha. Umeme ndio utakula siku.

Ile seti rahisi niliyoikataa inakutaka ukate nyaya za taa za gari na kuunga moja kwa moja. Kwenye gari la zamani ilikuwa sawa. Kwenye gari la sasa, kompyuta inapima umeme unaopita kwenye kila taa. Ukiongeza taa za trela juu yake, itaona hitilafu, itakata umeme wa taa hiyo, au itaungua kabisa. Nunua moduli (kisanduku kidogo cha kuwashia taa za trela) yenye chanzo chake cha umeme kutoka kwenye betri, ambayo inachukua ishara tu kwenye taa za gari. Zuri zaidi ni lile toleo lenye plagi za aina ya gari lako, linalochomekwa nyuma ya taa bila kukata waya wowote.

Waya wa chanya unatoka betri hadi nyuma. Mimi natumia wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya ampea 15 ikiwa karibu kabisa na betri, nayo naiweka mwisho baada ya kila kitu kuungwa. Upitishe mbali na ekzosi na sehemu zinazosogea, na kila tundu la bati liwe na raba yake. Kwa soketi bapa ya pini 4 rangi ni hizi: nyeupe ni waya wa bodi (hasi), kahawia taa za nyuma, njano indiketa na breki za kushoto, kijani indiketa na breki za kulia. Soketi ya duara ya pini 7 aina ya 12N inatenganisha: njano indiketa ya kushoto, bluu taa ya ukungu, nyeupe bodi, kijani indiketa ya kulia, kahawia taa ya nyuma kulia, nyekundu breki, nyeusi taa ya nyuma kushoto. Usiunganishe kwa kufuata rangi peke yake. Jaribu kila waya kwa taa ya majaribio.

Waya mweupe ndio chanzo cha malalamiko mengi. Ukiona indiketa ikiwaka na taa za nyuma zinafifia pamoja nayo, au ukikanyaga breki kila kitu kinawaka nusunusu, usibadilishe moduli. Kwangua rangi ya bodi mpaka chuma kiwe cheupe, funga kichwa cha waya kwa skrubu imara, kisha paka grisi juu. Kutegemea tufe lipitishe umeme wa bodi hadi kwenye trela ni kujitafutia matatizo.

Tufe: soma saizi iliyogongwa juu yake. Kuna inchi 1⅞, inchi 2, inchi 2⁵⁄₁₆, na lipo la milimita 50. La milimita 50 na la inchi 2, ambalo ni milimita 50.8, hayatofautiki kwa macho, lakini trela ya inchi 2 juu ya tufe la milimita 50 inaweza kuruka kwenye tuta. Pini ya mdomo wa inchi 2 ni ya milimita 16, na klipu yake isisahaulike. Minyororo ya usalama ipishane chini ya shingo ya trela, ili shingo ikichomoka idakwe kabla haijagusa lami.

Uzito unaokalia tufe uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela, mradi usizidi kiwango cha gari: trela ya kilo 600 ikalie kilo 60 hadi 90. Mizani ya bafuni chini ya shingo ya trela, kwenye kimo kilekile cha tufe, inatosha kupima. Ukiwa mdogo mno trela itayumba kwenye mwendo. Sogeza mzigo mbele ya ekseli. Kilo hizo zinahesabika pia kwenye mzigo wa gari, pamoja na abiria na mabegi.

Malalamiko yangu yaliyobaki ni madogo. Mdomo umeshuka chini ya bampa kiasi cha kugusa kwenye miinuko mikali ya kuingilia maegesho. Mkono wa tufe unagonga ndani ya mdomo ukiwa mtupu, mpaka ununue kibano cha kuukaza. Na ukiuacha umechomekwa, sensa za nyuma zinalia kila unaporudi nyuma, kwa hiyo mimi nauchomoa, naupaka grisi kidogo na kuziba mdomo kwa kizibo cha raba.