Lozi na jozi au mafuta ya zeituni: kipi kinaisaidia zaidi akili ya mzee?

Huko Barcelona, Hispania, utafiti uliotolewa 2015 uliwapima watu 447, wastani wa umri miaka 67, kwa takribani miaka 4. Kundi moja lilikula gramu 30 za jozi (walnut), lozi (almond) na hazeli (hazelnut) kila siku, yaani kama kiganja kimoja. La pili lilipewa lita moja ya mafuta ya zeituni kwa wiki. La tatu liliambiwa tu lipunguze mafuta, na hilo ndilo lililorudi nyuma kiakili.

Kwa kumbukumbu, walaji wa jozi na lozi walifanya vizuri zaidi kuliko kundi la tatu. Wa zeituni waling'ara kwenye umakini, kupanga mambo na akili kwa jumla.

Mimi nachagua kiganja cha jozi na lozi, maana ni rahisi kukizoea. Ila jozi peke yake sitaitegemea: jaribio la miaka 2 la Barcelona na Loma Linda, Marekani, lililotoka 2020, halikuona tofauti kwa wazee wenye afya. Makundi mawili ya kwanza ya 2015 yalihimizwa pia kula mboga, samaki na maharage. Kwa mzee asiye na meno, jozi na lozi zitwangwe, zichanganywe kwenye uji, bila chumvi.