Watoto wawili tu na unataka gari kubwa? Nimeyapanga kuanzia la kwanza mpaka la mwisho

Ukisema tu una watoto wawili na unatafuta gari kubwa kidogo, kila mtu anakushangaa, nyie wanne gari kubwa la nini, kigari kidogo si kinatosha. Huyo anayekuambia hivyo hajawahi kupakia kigari cha mtoto, begi la nepi, kibaiskeli cha magurudumu matatu na mabegi mawili ya safari kwenye buti la gari dogo asubuhi moja huku mtoto mmoja analia na mwingine kavua viatu. Kwa iyo mimi siwezi kukucheka, nafasi unaihitaji kweli. Shida yetu wengi ni kwamba tukishaamua gari kubwa tunaanza kuhesabu siti, tunajikuta tumenunua siti saba za watu wanne.

Najua kwa sababu nililifanya hilo kosa. Nilikaa na gari la siti saba miaka mitano na safu ya tatu ilikaliwa mara za kuhesabika, muda mwingine wote imelala tu kule nyuma inakula buti, na vifungo vya mikanda yake vinagonga plastiki kila tukipita kwenye matuta. Nilikuja kuelewa kwamba familia ndogo inahitaji vitu vitatu kwenye gari kubwa, mlango mzuri, upana wa safu ya pili na buti. Siti ya sita na ya saba ni kitu cha kupewa tu kama zipo, sio cha kulipia.

Kabla sijapanga, chukua futi kamba. Siti nyingi za watoto zina upana wa kama sentimita 44, mbili tayari 88. Kiti cha nyuma cha magari mengi ya kawaida kina kama sentimita 130 hivi, kwa iyo katikati panabaki kama 42, alafu toa kifungo cha mkanda na ule uvimbe wa katikati sakafuni, ndio hapo bibi yao anatakiwa akae safari ya masaa manne. Unaona tatizo lilipo. Halafu zile ndoano za ISOFIX za kunasia siti ya mtoto moja kwa moja kwenye gari (mbili mbili, zimeachana sentimita 28) magari mengi yanaweka kwenye siti mbili za pembeni tu, ya katikati unafunga kwa mkanda wa kawaida, na sio kila siti ya mtoto inakubali hivyo.

Kingine ambacho watu wanasahau ni urefu wa mbele kwenda nyuma. Mtoto mchanga anakaa ameangalia nyuma, kanuni ya kimataifa ya siti za watoto, R129, inataka angalau mpaka miezi 15 na ukiweza kumwacha zaidi ni bora, sasa siti hiyo inachukua nafasi ndefu mpaka anayekaa mbele yake anasogezwa magoti yanagusa dashibodi. Na usije ukajaribu kukwepa hilo kwa kuihamishia mbele kama eabegi ya abiria haijazimwa, ile ikifumuka inampiga mtoto kichwani. Hilo halina mjadala.

Haya, orodha yenyewe.

1. Miniveni ndogo yenye milango ya kuslaidi

Toyota Sienta na Honda Freed, na ndugu zao wa saizi hiyo. Najua, najua, hazina sura ya kibosi, wanaume wenzangu wengi wanazipita kama hawajaziona. Ila ngoja nikupe picha moja. Umepaki, gari la jirani limekusogelea karibu, mkono wa kushoto umembeba mtoto kasinzia begani, mkono wa kulia una mfuko na funguo. Kwenye gari la mlango wa kawaida unafungua kidogo, unajipenyeza ubavu ubavu, mtoto anagonga kichwa, anaamka, usingizi wote wa safari umeisha hapo. Kwenye mlango wa kuslaidi unabonyeza kitufe, unafunguka wote, unaingia umesimama vizuri. Na mtoto wa miaka mitano akifungua mwenyewe kwa fujo hakwaruzi gari la mtu. Mimi hiki kitu kimoja tu kingetosha kuipa nafasi ya kwanza.

Injini ni ya lita 1.5, mafuta inanusa tu. Sienta ya kuanzia 2015 safu ya tatu inazama chini ya safu ya pili, inapotea kabisa, buti linabaki tambarare. Kwa watoto wachache kuna kitu kizuri zaidi, yaani yale matoleo ya safu mbili tu. Freed ya zamani ya namna hiyo inaitwa Spike, iliyofuata ya 2016 inaitwa Freed+, na Sienta walileta Funbase mwaka 2018. Watu wengi hawazijui kwa sababu akili zao ziko kwenye siti saba, wakiona hazina wanadhani zimepunguzwa, kumbe ndio zenye buti la maana.

Ubaya upo. Ukiijaza watu na mizigo halafu mkakutana na mlima mrefu, 1.5 inalia. Iko chini, kama njia ya kwako ina mawe na makorongo utaipiga tumbo. Na mlango wa umeme una mota na waya, vinachoka, kwa iyo siku ya kukagua ufungue na kuufunga mara kumi pande zote mbili, sio mara moja, na usikilize kama unasitasita. Muuzaji akikuambia huo mlango unafunguliwa kwa mkono tu kwa sasa, basi jua huo mlango umekufa.

2. Stesheni wagon

Hapa nitapigwa mawe na wapenzi wa SUV. Corolla Fielder, Subaru Outback, Škoda Octavia, Volkswagen Passat, Volvo V60, chagua kulingana na mfuko na spea zinazopatikana ulipo. Ni gari la kawaida lililovutwa mkia. Buti la Octavia ya stesheni wagon iliyotoka 2013 ni lita 610, SUV nyingi za saizi ya kati hazifiki hapo pamoja na ubonge wao wote. Na hizo lita wanazitangaza, zinapimwa kwa kujaza buti vitofali vya lita moja moja, kwa iyo kitofali kinaingia hata kwenye kona ambazo kigari cha mtoto hakiingii, usizisome kama msahafu, beba kigari chako ukajaribu.

Raha ya stesheni wagon ni barabarani, inatulia kwenye kona, watoto hawayumbishwi, kutapika kunapungua (mwenye mtoto anayetapika garini ananielewa), na mafuta inakula karibu sawa na saluni yake, yaani toleo lisilovutwa mkia. Mdomo wa buti uko chini pia, kigari unakisukumia tu hukinyanyui mpaka kifuani. Karaha yake ni mgongo. Kumfunga mtoto kwenye gari la chini unainama kila siku, mara mbili mara nne, na ukishavuka umri fulani mgongo unaanza kukutumia meseji.

Toyota Wish naiweka hapa hapa. Wanaiuza kama gari la watu saba lakini ukilaza ile safu ya tatu ukaisahau kuwa ipo, unapata stesheni wagon nzuri sana.

3. SUV ya kati ya siti tano

Mazda CX-5, Subaru Forester, Toyota RAV4, Honda CR-V, Nissan X-Trail. Hapa ndipo wengi mtaishia na sio vibaya. Iko juu, mtoto unamfunga umesimama wima, njia mbovu inapita. Ndani ya hili kundi ningeangalia vitu viwili ambavyo mapicha ya mtandaoni hayaonyeshi, mlango wa nyuma unafunguka kiasi gani, na vioo vya nyuma. CR-V mlango wake unafunguka karibu nyuzi 90, kuingiza siti ya mtoto ni rahisi mno. Forester imekaa kiboksi, vioo vikubwa, mtoto anaona nje hata akiwa mdogo. Nyingine siku hizi zimechongwa madirisha yakawa kama ya kifaru, mzuri nje, ndani mtoto anaangalia plastiki safari nzima.

Kama ni ya magurudumu manne muda wote kama Forester, angalia tairi zote nne zinafanana saizi na kuisha kwake. Tairi mbili mpya na mbili kipara zinaipa mfumo kazi ambayo haukutengenezewa, na hiyo sio bili ndogo.

4. Noah, Voxy, Serena, Stepwgn

Haya ndiyo magari ya familia hasa, na kwa watu wenye watoto wanne ningeyaweka namba moja bila kufikiri. Kwa watoto wawili nayashusha. Sio mabaya, nafasi ni kama sebule, mtoto mkubwa anaweza kusimama karibu wima mkabadilisha nguo humo humo. Lakini unaendesha boksi la zaidi ya mita 1.8 kwenda juu, upepo wa pembeni unalisukuma na kwenye mwendo wa barabara kuu linakula mafuta kupigana na hewa tu. Halafu Noah safu yake ya tatu inaning'inizwa ubavuni, kushoto na kulia, zinakula upana wa buti na zinaziba vioo, ukirudi nyuma unategemea kamera.

Na kuna hili la pembeni, mtanisamehe. Ukiwa na gari la watu saba au nane, ukoo mzima unajua. Harusi wewe, msiba wewe, kupokea wageni wewe, unageuka dereva wa ukoo. Kama unapenda hivyo, au wazazi mnaishi nao, au kila wiki unabeba watoto wa dada yako, basi lipandishe mpaka namba moja na usinisikilize.

5. SUV kubwa za chesisi

Prado na wenzao, yaani bodi imekalia fremu ya chuma. Kama njia ya kwenu ni matope na mito au unavuta tela, nunua, hakuna mbadala wake. Kama ni shule, ofisini na sokoni, unabeba kama tani mbili za chuma kupeleka watoto wawili wenye kilo 40 kwa pamoja. Sakafu iko juu, mtoto wa miaka mitatu hapandi mwenyewe, tairi bei yake unaijua, breki pia. Ukiamua Prado basi kumbuka toleo la zamani linaloitwa 120 safu ya tatu inakunjwa ubavuni, 150 ya kuanzia 2009 inalala sakafuni, kwa buti tofauti ni kubwa.

6. SUV ya kati iliyobanwa siti saba

Hii ya mwisho kabisa. Ni ile ile SUV ya namba tatu, wameongeza siti mbili za maonyesho kule nyuma. Mtu mzima hakai, magoti yanafika kidevuni, na mtoto anayekaa kule kisogo chake kiko karibu na kioo cha buti. Ukizisimamisha buti linabaki la kuweka mkate. Ukizilaza sakafu imepanda. Unalipia zaidi upate kidogo, mimi hapana.

Siku ya kwenda kuliona gari, usiende peke yako. Beba siti za watoto, beba kigari, na kama unaweza beba na watoto wenyewe. Funga siti zote, kaa mbele yake mtu mzima, kaa katikati nyuma mtu mwingine, mkae dakika kumi na mlango umefungwa. Vuta kila mkanda kwa nguvu ghafla, unatakiwa ukwame, usipokwama achana nao. Washa eisi uone kama hewa inafika nyuma, magari mengine hayana matundu ya nyuma kabisa na watoto wanachemka wakati nyie mbele mnasikia baridi. Jaribu kufuli la watoto kwenye milango. Tairi zina namba nne ubavuni, mfano 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019, tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa zee. Na kama gia boksi ni CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua), nyingi ya hizi nilizotaja ni CVT, usilijaribu likiwa baridi ukaridhika, endesha dakika 20 lipate moto, panda kilima taratibu usikilize kama linatetemeka, alafu uliza oili yake ilibadilishwa lini na ni oili gani.

Mimi safari ya mwisho nililipenda gari moja sana, rangi, bei, kila kitu, mama watoto kashaanza kupanga nani anakaa wapi. Nikatoa kigari kwenye buti la gari langu nikakiingiza kwenye lile. Hakikuingia. Kwa ubavu hakikuingia, kwa kulala hakikuingia, mpaka nichomoe magurudumu ya nyuma. Muuzaji akanicheka, akasema huyo mtoto mwakani anatembea. Nikamjibu mwakani nitarudi, akaacha kucheka, akaniita nyuma ya yadi akanionyesha kijiveni cha milango ya kuslaidi kimejaa vumbi ambacho hakuna mtu alikuwa anakiuliza. Kigari kiliingia kimesimama, hata sikukikunja.